Wimbo wa RRR usiupeleke mbele

Kwenye vibanda umiza, picha la Kihindi likifika kwenye wimbo, hakosekani wa kupaza sauti: "Peleka mbele!" Ukifanya hivyo kwa RRR, filamu ya mapigano ya S. S. Rajamouli iliyotoka Machi 2022, umeruka hadithi yenyewe.

Anza na lugha. RRR si ya Kihindi, ni ya Kitelugu, lugha ya Andhra Pradesh na Telangana, kusini mwa India. Nakala iliyosambaa duniani kupitia Netflix ina sauti za Kihindi, na humo wimbo "Naatu Naatu" umegeuzwa "Naacho Naacho". Naatu ni "ya kienyeji", naacho ni "chezeni". Kiini cha wimbo kimepotea hapo. Kwa hiyo tafuta nakala ya Kitelugu yenye maandishi chini. Ile iliyosimuliwa na ma-DJ wetu ni tamu, lakini sauti ya msimulizi huufunika muziki. Iweke siku nyingine.

Kabla ya kuitazama, vaa spika za masikioni usikilize "Naatu Naatu" bila picha. Hesabu haraka moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, na upige kofi kwenye moja na kwenye nne. Aliyezoea chakacha hatapata shida, mwendo ni huo huo wa sita. Mtunzi wa muziki ni M. M. Keeravani. Maneno ni ya Chandrabose, naye ameyajaza mambo ya kijijini: fahali anayetimua vumbi shambani, mkate wa mtama unaoliwa na pilipili.

Sasa tazama. Ni miaka ya 1920, kwenye sherehe ya wakoloni. Mwingereza anamdhihaki Bheem, mmoja wa mashujaa wawili wa filamu, kwamba hajui tango wala flamenco. Shujaa wa pili, rafiki yake Raju, anashika ngoma, na wawili hao wanawachezesha wazungu mpaka wanaanguka mmoja mmoja. Wanabaki wao wenyewe wakishindana. Hapo mkazie macho Raju: anajiangusha kwa makusudi ili Bheem ashinde mbele ya binti anayempenda. Urafiki wote wa filamu umo katika kuanguka kule, na anayepeleka mbele hauoni.

Ukitaka kuucheza harusini, tafuta mwenzako wa kimo chako. Punguza kasi ya video hadi nusu. Shikaneni mabegani mjifunze miguu tu. Ile ya kuvuta mikanda ya suruali iacheni mwisho. Kinachopendeza ni miguu miwili ya watu wawili kurushwa kama mmoja, si kasi.

Wimbo mwingine wa filamu, "Komuram Bheemudo", usikilize peke yako, usiku. Bheem anachapwa mijeledi hadharani ili apige magoti, naye anaimba akijihimiza asipige. Sauti ni ya Kaala Bhairava, mtoto wa Keeravani, ndiye pia mmoja wa waimbaji wawili wa "Naatu Naatu". Mara ya kwanza usisome maandishi. Isikilize sauti inavyopanda, kisha rudia ukisoma. Kwangu mimi huu ndio wimbo bora wa filamu, ingawa tuzo ilikwenda kwa ule mwingine: Machi 2023 "Naatu Naatu" ulipata Oscar, wimbo wa kwanza wa filamu ya India kushinda tuzo ya wimbo bora wa filamu.

Filamu ni ya saa tatu. Tenga jioni nzima, na wimbo ukianza, rimoti iweke mbali.