Wakili na Lugha ya Mahakama: Historia Fupi ya Uwakili Nchini Kenya

Neno wakili lilikuwemo katika Kiswahili kabla ya korti ya Mwingereza kusimama katika nchi hii. Lilitokana na Kiarabu, na kiini chake ni kukabidhiwa jambo: wakili ni mtu atendaye kwa niaba ya mwingine aliyemwamini. Ndipo upwani wakili akawa msimamizi wa shamba la mwenziwe aliye safarini, au mwenye kusimama badala ya mtu katika akdi ya ndoa. Maneno wakala na uwakala yana asili hiyo hiyo. Katika maana hii kongwe hamna joho wala leseni. Kuna amana tu baina ya watu wawili. Mbele ya kadhi, mdai na mdaiwa waliweza kujisemea wenyewe, kwa lugha waliyoielewa.

Makala haya yanafuatilia jinsi neno hilo lilivyopata mzigo mpya, na jinsi suala la lugha lilivyoandamana na uwakili tangu enzi za ukoloni. Kwanza tutenganishe istilahi mbili ambazo hata sisi wanafunzi huzichanganya. Mwanasheria, neno lililoundwa kama mwanasiasa na mwanahistoria, ni yeyote aliyebobea katika sheria. Wakili ni yule aliyeidhinishwa kumwakilisha mtu mahakamani. Mhadhiri wa sheria anaweza kuwa mwanasheria maisha yake yote asiwe wakili hata siku moja.

Korti mbili, lugha mbili

Amri ya kifalme ya mwaka 1897 iliweka msingi wa mahakama za kikoloni katika eneo lililoitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na sheria nyingi zilizotumiwa zililetwa kutoka India. Sheria ya Adhabu ya India ndiyo iliyotumika hapa hadi 1930. Mawakili wa enzi hiyo walikuwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika, kwa upande wake, aghalabu alipelekwa katika mabaraza ya wenyeji, na huko mawakili walipigwa marufuku. Sheria ya Mahakama za Waafrika ya 1951 iliendelea kuwafungia nje, na mahakama hizo hazikuunganishwa na mfumo wa kawaida hadi 1967.

Maafisa walidai kuwa mawakili wangerefusha kesi na kuwachanganya wazee kwa hila za kitaaluma. Dai hilo halikukosa chembe ya ukweli, lakini halikuwa ukweli wote, kwa kuwa wakili angeweza pia kumuuliza chifu alipata wapi mamlaka ya kumtoza mtu faini. Kwa mtazamo wa mwanaisimu, jambo la kuzingatia ni hili: pale Mwafrika alipoielewa lugha ya korti, hakuruhusiwa kuwa na wakili; na pale alipoweza kuwa na wakili, hakuielewa lugha ya korti. Mgawanyiko huo haujatoweka kabisa, kama tutakavyoona.

Kapenguria

Hakuna kesi iliyoudhihirisha uwakili mbele ya macho ya Wakenya kama ile ya Kapenguria. Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Achieng Oneko, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kung'u Karumba walishtakiwa mwishoni mwa 1952 kwa kusimamia Mau Mau. Serikali iliichagua Kapenguria kwa sababu ilikuwa mbali na macho ya watu, na aliyeketi kusikiliza alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyekwisha kustaafu. Hata hivyo upande wa utetezi ulikusanya watu wa mataifa mengi: D. N. Pritt kutoka Uingereza akiwa kiongozi wao, H. O. Davies wa Nigeria, Diwan Chaman Lall wa India, Dudley Thompson wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, pamoja na Fitz de Souza, Achhroo Kapila na Jaswant Singh wa hapa Kenya.

Pritt hakuishia kwenye hoja za sheria. Aliigusa tafsiri yenyewe. Mkalimani wa korti alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyelelewa miongoni mwa Wakikuyu na kuimudu lugha yao. Leakey huyo huyo alikuwa amechapisha kitabu kuhusu Mau Mau mwaka 1952, na msimamo wake ulijulikana. Upande wa utetezi ulipinga uadilifu wa tafsiri yake hadi hatimaye akajiondoa. Naona tukio hilo halijapewa uzito unaostahili katika masomo yetu ya tafsiri na ukalimani. Tunafundishwa habari za ulinganifu na usawe, lakini ni nadra kuulizwa: mkalimani ni wa nani?

Mnamo Aprili 8, 1953, Thacker aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa kuwa alitoa ushahidi wa uongo kwa kuahidiwa malipo. Akashtakiwa na kufungwa. Si kwa uongo wa Kapenguria, bali kwa kiapo hicho cha pili.

Wakati huohuo Nairobi ilikuwa imempata wakili wake wa kwanza Mwafrika wa Kenya, C. M. G. Argwings-Kodhek. Alikwenda Uingereza kusomea ualimu akageukia sheria, kisha akarejea nyumbani na kuwatetea washukiwa wa Mau Mau ambao wengine hawakutaka hata kuwakaribia. Leo wengi wanamjua kwa jina la barabara tu. Mafunzo ya sheria yalikuja kwetu kwa kuchelewa: Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1961, na kile cha Nairobi 1970.

Wakili kizuizini

Baada ya uhuru wengi walimtazama wakili kama mtu wa suti, hati za mashamba na vilabu vya wakubwa, na wapo waliostahili kutazamwa hivyo. Miaka ya 1980 ikaleta sura nyingine. John Khaminwa aliwekwa kizuizini 1982 akiwa anamtetea mtu aliyezuiliwa bila kushtakiwa. Gibson Kamau Kuria alizuiliwa 1987 alipochukua kesi za watu waliodai kuteswa. Mwaka 1990 ikawa zamu ya Gitobu Imanyara, Mohamed Ibrahim, na Khaminwa kwa mara ya pili. Hapa maana kongwe ya neno ilirejea kwa namna isiyotarajiwa: wakili alisimama badala ya mteja wake hata katika kifungo.

"Ni kweli"

Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo, na wakili wa kugharimiwa na serikali endapo dhuluma kubwa ingetokea bila yeye. Lakini Kifungu cha 198 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kiliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kwa mahakama za chini. Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Tusidhani kwamba kuruhusu Kiswahili kunatosha. Neno hukumu hutumika kwa uamuzi wa korti kuwa mtu ana hatia, na pia kwa adhabu anayopewa. Dhamana hubeba dhana kadhaa ambazo Kiingereza huzipa maneno tofauti. Raia asikiaye Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu atajuaje ipi iko juu ya nyenzake?

Hatari kubwa zaidi imo katika maneno mawili mafupi. Mshtakiwa asiye na wakili husomewa mashtaka, naye hujibu, "Ni kweli." Je, amekiri kosa, au amekubali tu kwamba alikuwapo mahali hapo, kwamba kisu ni chake, kwamba walipigana? Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza kuwa mashtaka na vipengele vyake vyote yaelezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema kadiri iwezekanavyo, kisha maelezo ya tukio yasomwe. Na akiyapinga, iandikwe kwamba amekana. Hata leo, mtu anapokata rufaa kwa hoja kwamba hakuelewa alichokikiri, majaji hulazimika kurudi kwenye maneno hayo mawili, ambayo mara nyingi wanayasoma kwa Kiingereza cha karani.