Turbo ya pikipiki: kata umeme, pima, ndipo uwashe

USALAMA NA AFYA



Siku ya posho mchana, kazi imekwisha, ndipo vyombo vya makanika vinatoka chini ya kitanda. Katika lupango moja motere inalia; katika lupango jingine baba ameinama juu ya batri, na mtoto wake anamshikia taa. Kazini baba huyo huvaa kofia, miwani na viatu vya usalama, wala hagusi mashine kabla ya kukata umeme. Nyumbani amevaa kandambili, na pete iko kidoleni. Je, moto wa nyumbani una huruma kuliko ule wa kiwanda? Hapana. Somo la leo linahusu turbo ya pikipiki: namna ya kuunga nyaya zake na kuipima, bila kuishia kwetu dispanseri.

Turbo ni nini?

Motere inapumua kama mtu. Inavuta hewa, inaichanganya na esansi, inaunguza, kisha inatoa moshi. Kwa kuunguza vizuri kilo 1 ya esansi inahitaji karibu kilo 14,7 za hewa. Turbo ni magurudumu mawili madogo yaliyoshikwa na chuma kimoja. Moshi unaotoka unazungusha gurudumu la kwanza. Gurudumu la pili linashindilia hewa ndani ya motere. Aliyepata hati ya ufumbuzi huo ni Mswisi Alfred Büchi, mwaka 1905. Kwa pikipiki, Honda ilitoa CX500 Turbo mwaka 1982, na Kawasaki ikafuata na 750 Turbo mwaka 1984.

Kwa nini vijana wetu wanaitamani? Sababu moja ni nchi yetu yenyewe. Lubumbashi iko kwenye mita 1200 hivi juu ya bahari, na Kolwezi inapita mita 1400. Kando ya bahari hewa inasukuma kwa bar 1 hivi. Lubumbashi ni karibu bar 0,87. Ni kama kusema katika kila mivuto 8 ya hewa, motere inapoteza 1. Basi si uvivu wa pikipiki yako ikichoka mlimani.

Lakini sikilizeni. Hewa ikiongezwa bila kuongeza esansi kwa kipimo, moto ndani ya motere unakuwa mkali mno na pistoni inatoboka. Motere ndogo ya kawaida haikutengenezwa kwa mzigo huo. Na vile vipepeo vidogo vya umeme vinavyouzwa kwa jina la turbo havina nguvu ya kushindilia hewa. Vinakula batri tu. Somo hili ni kwa mwenye pikipiki iliyotoka kiwandani na turbo yake, au anayefanya kazi pamoja na fundi anayeijua.

Kabla ya kugusa waya

1. Toa pikipiki nje, mahali penye hewa, mbali na jiko la makala. Ondoa watoto.

2. Acha motere ipoe kabisa. Turbo inapitiwa na moshi wenye joto la mamia ya digrii. Ikipoteza wekundu wake bado inaunguza.

3. Vua pete, saa na bangili. Volti 12 hazitakupiga kama umeme wa ukutani. Lakini pete ikigusa plusi na chuma cha pikipiki kwa mara moja, inapata moto kama chuma cha mhunzi, na kidole kiko ndani yake.

4. Fungua kwanza minusi ya batri, kisha plusi. Kwa kurudisha, plusi kwanza, minusi mwisho. Sababu yake ni hii: mwili wote wa pikipiki umeungwa na minusi. Ukianza na plusi, na ufunguo wako ukagusa chuma, cheche zinaruka palepale.

5. Usivute sigara. Batri inayochajiwa inatoa gesi ya idrojeni, nayo inalipuka kwa cheche moja. Tena maji ya batri ni asidi ya sulfuri.

Kuunga nyaya

Kila waya unaotoka kwenye plusi uwe na fizibule, yaani ule uzi mwembamba unaoyeyuka umeme ukizidi. Iweke karibu sana na batri, maana waya ulio kati ya batri na fizibule hauna mlinzi.

Hesabu ni rahisi: wati gawanya kwa volti, unapata ampere. Pampu ya wati 60 kwa volti 12 inakula ampere 5. Fizibule ya ampere 7,5 inatosha, na waya uwe mnene wa kubeba zaidi ya hapo. Fizibule ikikatika mara mbili, tafuta ugonjwa. Usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Kufanya hivyo ni kumfunga mlinzi kamba na kumwachia mwizi mlango.

Pitisha nyaya mbali na turbo na bomba la moshi, na mahali usukani usipozibana ukigeuka. Viungo vifungwe kwa risasi au kwa kubanwa na chombo chake, kisha vifunikwe. Mfuko wa plastiki uliosokotwa si kinga.

Kupima

Sasa rudisha batri. Kifaa kinachopima msukumo wa hewa kwa kawaida kina nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5, mmoja ni minusi, mmoja unapeleka habari. Geuza ufunguo bila kuwasha motere. Kati ya waya wa kwanza na minusi usome karibu volti 5. Zisipokuwapo, usinunue kifaa kipya. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye waya.

Hapa wengi wanadanganyika. Kitabu cha kigeni kinasema motere ikiwa imezimwa kifaa kionyeshe bar 1. Ukiwa Lubumbashi kitaonyesha karibu 0,87, nawe utadhani kimekufa. Hakijafa, kinasema kweli.

Kwa kutafuta mahali panapovuja, paka mipira ya hewa maji ya sabuni, sukuma hewa polepole kwa pompa ya mkono yenye kipimo, wala usipite msukumo ulioandikwa na kiwanda. Simama kando, usisimame mbele ya mdomo wa mpira. Povu litakuonyesha tundu. Usitumie kamwe hewa ya kompresa ya kazini. Ile yenye bar 6 au 7 inachomoa mpira kama risasi, inapasua jicho, na ikielekezwa kwenye kidonda inaweza kuingia mwilini na kuua.

Kuwasha: hapa ndipo kifo kinaponyamaza

Wenzetu wa chini ya udongo wanajua: baada ya kupasua baruti, hakuna anayerudi mbele kabla ya hewa kusafishwa. Moshi wa pikipiki una gesi ileile ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashika damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na damu inabaki bila nafasi ya kubeba hewa.

Siku moja ya mvua baba mmoja aliwasha pikipiki ndani ya stoo iliyoshikana na nyumba, apate kusikiliza motere. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Baada ya muda mama alishikwa na kichwa, mtoto akatapika, mkubwa wake akaanguka. Walitafuta dawa ya maleria. Jirani ndiye aliyesema neno la maana: maleria haiangushi nyumba nzima kwa saa moja. Walitolewa nje, wakaletwa kwetu, wakapewa oksijeni, wakapona. Usiku mmoja wa kulala hivyo, tungekuwa tunachimba makaburi.

Basi mvua ikinyesha, ngoja. Mlango wazi hautoshi, dirisha halitoshi. Mama mwenye mimba na mtoto aliye tumboni wako katika hatari kubwa zaidi.

Ajali ikitokea

Gesi: mtoe mgonjwa nje upesi, zima motere, lakini usikawie ndani usije ukaanguka wewe pia. Mlete hospitali hata akisema amepona. Kwa hewa ya kawaida damu inahitaji saa 4 au 5 ili kupunguza nusu ya gesi. Kwa oksijeni safi ni karibu saa 1 na nusu.

Kuungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Vua pete kabla kidole hakijavimba. Usipake mawese, dawa ya meno wala unga.

Asidi machoni: fungua jicho, mwaga maji mengi dakika 20 bila kuacha, kisha njoo mbio.

Maswali ya kujipima

Kwa nini minusi inafunguliwa kwanza? Fizibule inakaa wapi? Watu wote wa nyumba wakiumwa kichwa pamoja, utafanya nini kwanza? Jibu mbele ya watoto wako. Ukishindwa kujibu, acha ufunguo chini usome tena.

Kazini shefu anakuangalia. Nyumbani anayekuangalia ni yule mtoto anayeshika taa, na kesho atafanya kama alivyokuona ukifanya.