SOMO LA ROBO HII: MADUKA BARABARANI, MAEGESHO NA MAISHA YA JIRANI

Lengo la somo: Kuzisaidia kamati za miradi za sharika na mitaa, pamoja na marafiki wanaotuchangia, kupima vizuri matumizi ya viwanja vilivyo kandokando ya barabara kabla ya kuanza ujenzi.

Neno la kutafakari: Zekaria 8:4–5



Tangu lami ya Kyaka–Bugene ilipofika Karagwe katika miaka ya 2010, thamani ya viwanja vya barabarani imepanda. Kayanga na Omurushaka zinakua kwa kasi, na upande wa Kyerwa vituo vya biashara kama Nkwenda na Isingiro navyo vinapanuka. Sharika nyingi zina ardhi katika maeneo hayo, ambayo wazee wetu waliipata wakati ambapo haikugombaniwa. Sasa kamati zinataka ardhi hiyo izae kipato, na hilo ni jambo jema. Michoro mingi tunayoiona inafanana: safu ya fremu imesogezwa nyuma kabisa ya kiwanja, na mbele kuna uwanja mkubwa wa kuegesha magari. Katika somo hili tunajiuliza mpangilio huo umetoka wapi, na kama unawafaa watu wetu.

1. Mpangilio huu ulitoka wapi?

Mwaka 1956, katika mji wa Edina, pembeni mwa Minneapolis huko Marekani, lilifunguliwa jengo la maduka liitwalo Southdale. Maduka yote yalikuwa chini ya paa moja, na nje yalizungukwa na maegesho ya magari yapatayo 5,200. Mbunifu wake, Victor Gruen, alikuwa mzaliwa wa Vienna, Austria. Alikusudia jengo hilo liwe moyo wa mji, likizungukwa na nyumba, shule na huduma nyingine ambazo watu wangezifikia kwa miguu. Maduka na maegesho yakajengwa, lakini mji aliouota haukujengwa. Baadaye Gruen alirudi Vienna, na katika uzee wake aliyakosoa hadharani majengo yaliyoiga kazi yake.

Aidha, halmashauri nyingi za miji ya Marekani ziliweka sheria kwamba kila duka lazima liwe na idadi fulani ya nafasi za magari. Kiwango cha kawaida kilikuwa nafasi 4 hadi 5 kwa kila meta za mraba 93 za duka. Gari moja, ukijumlisha na njia ya kuingilia na kugeuzia, huchukua meta za mraba kama 25 hadi 30. Maana yake ni kwamba maegesho yalihitaji ardhi kubwa kuliko duka lenyewe. Tena hesabu ilipigwa kwa siku chache zenye wateja wengi, kama msimu wa Krismasi, na sehemu kubwa ya mwaka viwanja hivyo vilikaa wazi. Maduka yakawa mbali na makazi na mbali na maduka mengine, na mtu asiye na gari akabaki nje ya maisha ya mji. Profesa Donald Shoup alieleza gharama hizo kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 2005. Tangu hapo miji kadhaa imefuta sheria hizo, ukiwemo Buffalo mwaka 2017 na Minneapolis yenyewe mwaka 2021.

2. Hapa kwetu Afrika Mashariki

Mpangilio huo ulifika kwetu pia. Mlimani City ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwa na uwanja mpana wa magari mbele yake. Nairobi, baada ya barabara ya Thika kupanuliwa na kukamilika mwaka 2012, majengo makubwa ya maduka yalijengwa kandokando yake, likiwemo Garden City la mwaka 2015.

Majengo haya yameleta ajira na bidhaa, na hatuyabezi. Lakini yanatupa fundisho moja la biashara. Mengi hutegemea supamaketi moja kubwa inayovuta wateja kwa ajili ya maduka madogo. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014. Muda si mrefu Nakumatt nayo ikaanguka, na katika majengo mengi sehemu kubwa ikabaki tupu. Anayetegemea mpangaji mmoja hutikisika anapotikisika mpangaji huyo. Gulio halina udhaifu huo. Muuza dagaa mmoja asipofika, wengine wapo.

3. Nani anafika dukani kwetu, na anafikaje?

Katika wilaya zetu mbili watu wengi hawana gari. Mama anatoka kwenye kibanja akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Kijana anasukuma baiskeli yenye magunia ya maharage. Mgonjwa anapakiwa kwenye bodaboda. Mzee anakuja polepole na fimbo yake. Hawa ndio walengwa wetu, na ndio wateja wa fremu zetu.

Tunapoweka uwanja mtupu kati ya barabara na duka, tunawaongezea mwendo juani na katika vumbi. Huduma zinapohamia barabarani peke yake, mtu wa kijijini analazimika kulipa nauli hata kwa chumvi na sabuni, na fedha hiyo inatoka kwenye daftari la mtoto au dawa ya bibi. Hali kadhalika watoto wanalazimika kuvuka lami yenye magari yaendayo kasi.

Nabii Zekaria, anapoueleza mji ambao Mungu ameurejesha, hataji majengo makubwa. Anataja wazee walioketi njiani na fimbo zao kwa sababu ya wingi wa siku, na watoto wanaocheza. Hicho ni kipimo tunachoweza kukitumia. Je, mzee ana mahali pa kuketi kwenye mradi wetu? Je, mtoto yuko salama?

4. Tupige hesabu

Tuchukue kiwanja cha meta 40 kwa 30, yaani meta za mraba 1,200. Tukiweka nafasi 30 za magari kwa meta 25 kila moja, tumetumia meta 750 na kubakiwa na 450. Tukiweka nafasi 8, tumetumia meta 200 na kubakiwa na 1,000. Tofauti ni meta za mraba 550. Fremu ya meta 3 kwa 4 inachukua meta 12 tu. Kwa hiyo nafasi moja ya gari inakula ardhi ya fremu mbili, na gari halilipi kodi.

Hatusemi magari yasiwe na mahali. Lori linalopakia kahawa, ndizi au maharage linahitaji nafasi ya kugeuka bila kuziba barabara, na gari la wagonjwa lazima lipite. Tunachosema ni kwamba idadi ipatikane kwa kuhesabu, isitokane na mazoea.

5. Hatua kwa kamati

(a) Hesabuni kwanza. Kwa wiki moja, ikiwemo siku ya gulio, andikeni ni wangapi wanafika kwa miguu, baiskeli, bodaboda na gari.

(b) Pimeni hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Alama za X kwenye kuta tumeziona. Waulizeni TANROADS au TARURA kabla ya kuchimba msingi, na mwone pia mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji au mji wenu.

(c) Tumieni uwanja mmoja kwa kazi nyingi. Uwanja wa kanisa unaojaa Jumapili unaweza kupokea magari ya gulio siku nyingine.

(d) Wekeni kituo cha bodaboda na sehemu ya baiskeli chenye kivuli, mbali kidogo na mlango wa maduka.

(e) Leteni milango karibu na njia ya watembea kwa miguu, na mpande miti. Wekeni benchi.

(f) Kumbukeni maji. Uwanja ulioshindiliwa haunywi mvua, na katika vilima vyetu maji hayo yatachimba korongo kwenye shamba la jirani wa chini. Paa za fremu ziwe na mifereji na tangi.

(g) Msiondoe huduma vijijini. Kabla ya kuhamishia barabarani duka la pembejeo au zahanati, waulizeni wanaokaa mbali zaidi.

6. Kwa marafiki wanaochangia

Andiko la mradi likifika mezani kwenu, msiishie kuuliza litaingiza kodi kiasi gani. Ulizeni pia mjane asiye na nauli atafikaje. Kuwajengea wanaopita kwa gari ni rahisi, kwa kuwa wanaonekana na wana fedha mkononi. Lakini ardhi hii ilitolewa na wakulima waliokuwa wakienda kanisani kwa miguu, na wajukuu wao bado wanakwenda kwa miguu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, ni huduma zipi zimehamia barabarani katika miaka 10 iliyopita? Nani amefaidika, na nani ameachwa?
2. Uwanja wetu una nafasi za magari mangapi? Ni siku ngapi kwa mwaka unajaa?
3. Tukimpeleka mzee mmoja wa mtaa kwenye eneo la mradi, atatuambia tubadilishe nini?

Tunaziomba kamati ziandike majibu na kuyaambatanisha na mchoro wa mradi unapowasilishwa ofisi ya miradi. Mungu awabariki katika majadiliano yenu.

Ofisi ya Uratibu wa Miradi