Dondoo Muhimu: Kompyuta Itambuavyo Viungo Vyake

Ewe msomaji wa Lubumbashi, uliyenunua kompyuta kuukuu iliyotoka Ulaya, ukaisimika Windows upya, kisha ukakuta intaneti haipatikani, fahamu kwamba kila kifaa cha PCI au USB kimetiwa na mtengenezaji nambari mbili, moja ya kampuni na moja ya aina, ambazo mfumo endeshi huzisoma na kuzilinganisha na draiva ulizonazo. Zisipoafikiana na yoyote, kifaa, kama vile kadi ya mtandao, huwekwa chini ya «Autres périphériques» katika orodha ya vifaa ya Windows, pamoja na alama ya manjano.

Hapo usipakue draiva kwa kubahatisha, maana tovuti nyingi za draiva ni hadaa tupu. Fungua sifa za kifaa, uingie «Détails», ukatafute nambari za utambulisho: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, na tarakimu zifuatazo DEV ndizo za aina. Zitafute kwa simu, na draiva uitwae kwa mtengenezaji mwenyewe. Katika Linux, lspci -nn na lsusb zatosha.

Katika USB, nambari ya kampuni huandikwa VID; ukikuta VID_0000, kifaa kimeshindwa hata kujitambulisha. Aghalabu ila ni ya waya au tundu, basi badili hivyo kwanza.