Shahada mpya ya uongozi: nianzie wapi?

SWALI: Nimeteuliwa kuratibu shahada mpya ya kwanza ya uongozi wa taasisi katika chuo kikuu chetu. Mkuu wa kitivo anataka tudahili mwaka huu huu. Nianzie wapi? – Mhadhiri, Dodoma

JIBU: Hongera, na pole. Anza na ithibati. Programu isiyoidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) haidahili, hata mkuu wako awe na haraka kiasi gani. Shahada ya kwanza inadai angalau krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: jumla saa 3,600. Piga hesabu hiyo kabla wenzako hawajaanza kukuletea kozi zao wazipendazo.

Hapo ndipo shahada nyingi za namna hii huharibikia. Kozi za utawala wa biashara hubadilishwa jina, basi. Kijana wa miaka 20 hajawahi kuongoza hata ofisi ya watu watatu; nadharia tupu atazikariri, afaulu, azisahau. Mpe kazi yenyewe. Kwa mfano, mpe muhtasari wa mkutano mkuu wa SACCOS ambapo wanachama wamegoma kupitisha bajeti, aandike barua ambayo mwenyekiti angewatumia kesho yake. Kisha mwanachama halisi aisome na kumhoji. Mafunzo ya vitendo yapange mapema na halmashauri, hospitali na vyama vya ushirika.

Mkuu wako mwambie wazi: bila ithibati, usitangaze.