Kabla Hujalipia Domeni kwa Sababu ya Alama Yake

Ukiingia kwenye minada ya domeni zilizoachwa na wenyewe, kitu cha kwanza kukupokea ni namba: DA 45, DR 60. Jina ambalo lingesajiliwa upya kwa takriban dola 10 au 15 linauzwa kwa mamia ya dola, kwa madai kwamba Google tayari inaliheshimu. Madai hayo yanawalia watu pesa. DA ni kipimo cha kampuni ya Moz na DR ni cha Ahrefs. Zote mbili hukadiria nguvu ya tovuti kwa kuangalia linki zinazoielekea kutoka tovuti nyingine. Google haitumii namba hizo kupanga matokeo yake.

Zamani Google ilikuwa na alama yake ya hadharani. PageRank, iliyobuniwa na Larry Page na Sergey Brin wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, ilionekana kwenye upau wa Google ndani ya kivinjari kuanzia mwaka 2000, kwa kipimo cha 0 hadi 10. Matapeli hawakuchelewa. Mtu alichukua domeni tupu, akaipanga ili kila anayeifungua apelekwe kwenye tovuti kubwa, hata google.com yenyewe. Google ilipozichukulia anwani hizo mbili kuwa kitu kimoja, domeni tupu ilivishwa alama ya ile kubwa. Hapo tapeli aliondoa mpango huo na kuiuza haraka kabla alama haijasasishwa. Upau ulisasishwa mara ya mwisho Desemba 2013, na mwaka 2016 alama hiyo ikaondolewa machoni pa watu.

Utapeli ukahamia kwenye alama za kampuni binafsi. Wapo wanaouza waziwazi huduma ya kupandisha DR: wanapachika linki kwenye blogu za taka, sehemu za maoni na kurasa za wasifu, na namba inapanda huku tovuti haipati msomaji hata mmoja zaidi.

Kwa hiyo acha namba, fungua orodha ya linki zenyewe. Ahrefs wana kikaguzi cha bure kinachoonyesha sehemu yake, na hiyo inatosha kuanzia. Tuseme unauziwa domeni iliyokuwa ya shule ya muziki. Ungetarajia linki kutoka gazeti la mji ule, kumbi za maonyesho, labda ukurasa wa halmashauri. Soma pia maneno yanayobeba kila linki. Ukikuta jina la shule, anwani yake, tamasha fulani, endelea. Ukikuta kasino, dawa za nguvu za kiume au mistari ya Kichina isiyohusiana na shule, acha hapo hapo, hata kama DR ni 70.

Halafu nenda Wayback Machine, hifadhi ya bure ya kurasa za zamani, upitie mwaka baada ya mwaka. Mara nyingi utaona shule hadi mwaka fulani, kisha kimya, kisha ghafla ubashiri wa mechi. Kimya chenyewe hakina ubaya. Kilichofuata baada yake ndicho kinachoharibu. Na muuzaji akijisifu kwamba domeni ina miaka 15, angalia tarehe kwenye rekodi ya usajili, kwa maana jina lililofutwa na kusajiliwa tena huanza kuhesabiwa upya. Rekodi za .ke, kwa mfano, ziko KeNIC, msimamizi wa majina hayo.

Muuzaji akikutumia picha ya skrini ya takwimu za wageni, huo si ushahidi, kwa kuwa hata mtoto anaweza kuihariri. Kama tovuti bado iko hewani, mwombe muuzaji akuongeze kwenye Search Console yake, zana ya Google kwa wenye tovuti, kwa ruhusa ya kutazama tu, uone mwenyewe wageni wanaotoka Google na kama kuna adhabu iliyotolewa na wakaguzi wa Google. Akikataa bila sababu ya maana, mimi nisingenunua.

Hata historia safi haikupi ruhusa ya kuitumia vyovyote. Tangu Machi 2024 sera za Google zinataja wazi kosa la kununua domeni iliyoisha muda ili kubebwa na sifa zake za zamani kwa maudhui yasiyo na faida kwa msomaji. Mfano mmoja wanaoutoa wenyewe ni kasino kwenye tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi. Anayenunua domeni ile ya shule ya muziki ili afundishe muziki hana cha kuhofia. Anayetaka kuuzia humo mikopo ya haraka anajitafutia hasara.

Ukiridhika, lipa kupitia mtu wa kati anayeshikilia fedha hadi jina lihamie kwenye akaunti yako. Siku hiyohiyo lithibitishe kwenye Search Console, ukague ukurasa wa adhabu na ule wa usalama kabla hujaandika hata makala moja.