Somo la Ugonjwa wa Majani ya Mahindi

Ninyi mnaolima katika vijiji vya kando ya Kolwezi na Likasi, bukari yenu hutoka katika mahindi, na unga mnaouza kambini vilevile. Mahindi yakiugua, chungu hupungua na fedha hukosekana. Basi sikilizeni jinsi kuvu ndogo ilivyoharibu mashamba ya Marekani, nchi yenye mashini nyingi, mwaka 1970.

Kuvu mnaijua. Mmeiona juu ya gunzi lililolowa ghalani. Haina kinywa. Hupenyeza nyuzi zake ndani ya jani, humwaga maji makali, kisha hufyonza chakula. Mbegu zake ni kama vumbi, nazo huchukuliwa na upepo. Kuvu ya ugonjwa huu wataalamu huiita Cochliobolus heterostrophus. Penye joto na mvua hutia jani madoa membamba ya rangi ya nyasi kavu, yanayofuata mishipa yake. Mahindi hudhoofika, lakini mara nyingi mwenye shamba huvuna.

Kwa nini basi mwaka ule uligeuka mkali? Sababu moja ilikuwa katika kuvu, nyingine katika mbegu.

Kila kilicho hai kina maagizo madogo ndani yake, yaitwayo jeni, ambayo hurithiwa. Jeni huamuru mwili utengeneze nini kutokana na chakula chake. Ukoo mmoja wa kuvu hii, uitwao T, una jeni ambazo ndugu zake hawana, nazo huiwezesha kutengeneza sumu. Jeni moja, PKS1, ilielezwa mwaka 1996. Nyingine, PKS2, mwaka 2006. Wataalamu walipoiharibu PKS1, kuvu iliendelea kuishi na kula, ila sumu haikupatikana tena, na ugonjwa wake ukarudi kuwa ule mdogo wa kawaida.

Sasa mbegu. Watengenezaji wa mbegu hupanda mahindi ya namna mbili karibu-karibu ili yachanganyike. Yale ya mama lazima yaondolewe mbelewele, yaani maua ya dume ya kichwani, kabla ya kumwaga vumbi. Kazi hiyo huchosha mikono mingi, nami siwacheki waliotafuta njia ya kuiepa. Wakapata mahindi ya Texas, ambayo mbelewele zake hazitoi vumbi linalofaa. Kila mwuza mbegu akayataka, hata mwaka 1970 kadiri ya sehemu 85 katika 100 za mahindi ya Marekani zilikuwa za namna hiyo. Tangu 1961 wataalamu wa Ufilipino walikuwa wameonya kwamba kwao mahindi hayo huugua mno. Onyo halikuzuia kitu.

Ndani ya jani mna matanuru madogo yasiyoonekana kwa jicho, yaitwayo mitokondria. Humo chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Katika mahindi ya Texas, jeni ileile inayoondoa vumbi la mbelewele hutia protini katika ukuta wa tanuru. Sumu ya kuvu T huishika protini hiyo, ukuta hutoboka, nguvu humwagika, jani hufa. Mahindi yasiyo na protini hiyo sumu haiyatoboi. Angalieni vema: kuvu ni ileile, upepo ni uleule, shamba moja linakauka na la jirani linasimama.

Ugonjwa ulianza kusini, ukapanda kaskazini pamoja na mvua. Haukuishia kwenye majani. Uliingia katika shina, maganda na gunzi. Nchi nzima ilipoteza kama sehemu 15 katika 100 za mavuno, na kusini wengine walipoteza zaidi ya nusu. Kisha watengenezaji wa mbegu wakarudia mahindi ya kwanza na kazi yao ya kukata mbelewele.

Kwenu, mkigawiwa mbegu mpya, ipandeni, lakini msiitupe yote ya zamani. Pandeni namna mbili au tatu katika kijiji. Mabua yenye ugonjwa msiyaache juu ya udongo, maana kuvu hukaa humo kungoja mvua. Yafukieni, na mwaka unaofuata pandeni karanga au maharagwe mahali pale. Mkiona madoa yanaacha majani na kushika maganda ya gunzi, fungeni jani moja katika karatasi kavu, mmletee monitere wa kilimo siku hiyohiyo. Msingoje mavuno.